Mkanda Uliozimika Zamu ya Belgasim

Dalenda Wislati alikuwa na miaka thelathini na minane, na ule ulikuwa mwaka wake wa tisa akiwa fundi umeme katika kiwanda cha saruji cha Ain Zarga. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alamu ikilia, wenzake waliparamia ngazi mbili mbili. Yeye alimaliza chai yake, akatwaa mkoba wa vifaa, akaenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani. Alikuwa akisema hitilafu ikishatokea imeshatokea, na ukiifikia huku unahema hutasikia inakuambia nini. Wapo waliosema anaringa. Lakini kila palipokuwa na jambo lililowashinda wengine, jina lake ndilo lililotajwa.

Ufundi huo haukumjia kwa bahati. Kwao ni juu huko kwenye mashamba ya mteremkoni, nyumba ya mabinti watano na baba aliyetegemea kisima kimoja. Pampu ya kisima iliunguza mota kiangazi kimoja, ikaunguza cha pili, ikaunguza cha tatu. Kila mara baba yake aliipeleka mjini Kef ikasukwe nyaya upya, na kila mara nyanya zilikauka wakati mota ikisubiriwa. Fundi wa mjini alijua sana kusuka mota. Hakuna aliyemuuliza kwa nini zinaungua. Dalenda, akiwa na miaka kumi na sita, aliuliza, akajibiwa kuwa mota huungua, ndivyo zilivyo. Jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikwenda chuo cha ufundi, na likizo ya kwanza tu akapanda shambani na mita ya kuazima. Akakuta waya mmoja kati ya ile mitatu umeliwa na kutu pale unapoingia kwenye swichi, ukawa unashika na kuachia, unashika na kuachia. Aliukata, akauunga upya. Mota ile haikuungua tena.

Baada ya chuo alikaa miaka sita bila ajira. Aliishi kwa kutengeneza mashine za kufulia nguo mjini Kef, kazi ambayo mafundi wanaume hawakuipata kirahisi kwa kuwa akina mama hawakutaka kumfungulia mlango mwanamume wakati waume zao hawapo. Dalenda walimgombania. Kiwanda cha Ain Zarga kilipotangaza mtihani, alifanya, akawa wa pili kati ya watu arobaini na mmoja, akaajiriwa.

Hapo ndipo alipokutana na Belgasim.

Belgasim alikuwa mwendeshaji wa mkanda mrefu unaobeba mawe, mtu mnene wa mabega, mwenye masharubu meupe na mgongo uliokuwa ukimuuma. Alikuwa pale kabla nusu ya majengo ya kiwanda haijajengwa. Wafanyakazi karibu wote walimwita Ami, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake, na neno lake kwenye chama cha wafanyakazi lilikuwa na uzito. Dalenda alipoajiriwa, Ami Belgasim alizunguka na karatasi akikusanya sahihi: mwanamke apewe kazi ya ofisini au ya stoo, asipandishwe mlimani. Alipata sahihi kumi na saba. Mkurugenzi aliitia karatasi ile kwenye droo na mambo yakaishia hapo, lakini Belgasim hakuishia hapo. Miaka tisa alimwita Dalenda "yule wa soketi", na mkanda ukipata tatizo alibonyeza redio yake ya mkononi akasema, kiwanda kizima kikisikia, "Nileteeni fundi. Awe mwanamume." Watu walicheka. Dalenda naye alijikaza kisabuni, akaenda kufanya kazi yake, akarudi.

Mkanda wenyewe unatoka machimboni, juu mlimani, ukateremka karibu kilomita mbili hadi kwenye mashine ya kupasulia mawe. Mikanda mingine kiwandani huvutwa na mota. Huu, ukijaa mawe, hujivuta wenyewe kama mkokoteni ulioachiwa kwenye mteremko, na kazi ya mota hugeuka kuwa kuuzuia. Mota inayozuia hivyo huzalisha umeme badala ya kuula. Umeme huo hurudi kwenye inveta, kabati la chuma linaloipimia mota chakula chake, na inveta, kwa kuwa haina pa kuuweka, huupeleka juu ya paa kwenye rezista: kizimba chenye nyaya nene, bapa, zinazougeuza umeme kuwa joto na kulitupa hewani. Rezista ikishindwa, umeme hujaa ndani ya inveta kama maji ndani ya mtungi usio na pa kutokea. Inveta hujiokoa kwa kuzima kila kitu, breki zinauma, mkanda unasimama na mzigo wake, na kwenye kioo kidogo panaandikwa nambari saba. Saba maana yake ni kwamba umeme wa ndani umepita kiasi.

Mwaka ule, saba ilianza kutokea mwezi wa pili. Mara ya kwanza hakuna aliyejali. Mara hizo zilipofika tano, watu wakaanza kuona jambo: zote tano zilitokea zamu ya Belgasim. Zamu hubadilishana kila wiki, asubuhi, jioni, usiku, kwa hiyo haikuwa habari ya saa wala ya umeme wa serikali kupanda na kushuka. Belgasim akiwa asubuhi, saba ilikuja asubuhi. Akiwa jioni, ilikuja jioni. Waendeshaji wengine watatu hawakuipata hata mara moja.

Dalenda alitumwa kuangalia katikati ya mwezi wa tatu. Siku hiyo kulikuwa na theluji kwenye vilele na upepo uliokata masikio. Mkanda ulikuwa umesimama tangu usiku kwa matengenezo ya machimboni. Alipokuwa akipanda ngazi ya paa alisikia redio kiunoni mwake ikisema awe mwanamume, na kicheko kikafuata. Alifungua kizimba, akapima rezista, akapata omu kumi na mbili za ukinzani, kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake. Akafunga. Yote hayo hayakuzidi dakika kumi. Akateremka, akapima inveta, nayo haikuwa na kasoro. Kwenye ripoti aliandika kuwa rezista ni nzima, inveta ni nzima, akatia sahihi.

Alijua ripoti ile inaelekeza wapi. Mashine ikiwa nzima, kinachobaki ni mtu. Alijua, na hakuona uchungu. Jioni ile, akimsaidia mama yake Mbarka kubandika mikate kwenye tanuri la udongo, alimsimulia habari ile karibu kwa furaha. Mama yake aliendelea na mikate.

Kufikia mwezi wa tano nambari saba ilikuwa imetokea mara kumi na nne, na mkuu wa uzalishaji, ambaye wote walimwita Si Ghazi, yaani Bwana Ghazi, akaandika barua. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, msafi wa shati, mwenye tabia ya kuzungumza nawe huku akijibu simu. Barua yake ilisema kwamba mwendeshaji Belgasim aliomba kazi nyepesi mwezi wa kwanza kwa sababu ya mgongo, akanyimwa. Kwamba tangu hapo mkanda umekuwa ukizimika mikononi mwake peke yake. Kwamba mtu akirudisha ghafla mpini wa kasi wakati mkanda umejaa, inveta huzima kwa nambari saba. Na kwamba fundi ameshapima, mashine ni nzima. Iliambatanishwa nakala ya ripoti ya Dalenda. Baraza la nidhamu lingekaa Alhamisi. Mtu aliyekutwa na kosa la namna hiyo hufukuzwa bila kiinua mgongo, na Belgasim alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu.

Jumatatu ya wiki hiyo Si Ghazi alimwomba Dalenda achape kumbukumbu ya inveta ili nayo iingie kwenye faili. Inveta ile, kila inapozima, huandika hali ilivyokuwa sekunde ile: tarehe, saa, kasi iliyoagizwa, kasi halisi, nguvu ya umeme. Dalenda aliunganisha kompyuta, akachapa kurasa tatu, akazitazama akiwa amesimama. Kisha akavuta ndoo iliyofunikwa, akakaa juu yake, akazisoma tena.

Kama Belgasim alirudisha mpini, kasi iliyoagizwa ingeshuka kabla ya kuzima. Haikushuka. Mara zote kumi na nne ilisimama palepale. Ila kasi halisi ilikuwa imezidi kidogo ile iliyoagizwa, kama vile mkanda umeponyoka mkononi. Hakuna mkono wa mtu uliogusa chochote.

Alikwenda chumba cha mizani akaomba daftari la uzito wa mawe, akaweka kidole mstari kwa mstari. Waendeshaji wengine walipitisha tani mia nne na hamsini kwa saa, siku nzuri mia tano. Belgasim, kila mara kabla ya saba, alikuwa akipitisha zaidi ya mia saba. Mwisho wa zamu hesabu yake ilionekana ndogo kwa sababu ya muda uliopotea mkanda ukiwa umesimama. Lakini ulipokuwa ukienda, aliujaza kuliko yeyote. Mzigo mkubwa, breki kubwa. Breki kubwa, joto kubwa juu ya paa. Na yeye, Dalenda, alikuwa ameipima rezista siku ya theluji, ikiwa baridi kama jiwe la kaburi.

Waya unaoshika na kuachia. Alikuwa ameuona kwa baba yake akiwa na miaka kumi na minane, halafu akiwa na thelathini na minane ukampita mbele ya macho. Aliyakunja makaratasi, akaenda ofisini kwa Si Ghazi kabla ujasiri haujapoa.

Si Ghazi alimsikiliza akiwa na simu begani. Alipoiweka chini alichukua ile ripoti ya mwezi wa tatu.

"Karatasi inasema nzima. Na karatasi ni yako. Leo unaikana sahihi yako?"

"Siikani. Niliipima ikiwa baridi. Nataka kuipima ikiwa imechemka."

"Rezista ni rezista, Dalenda."

"Na mtu ni mtu, Si Ghazi, lakini daktari hampimi mgonjwa homa siku ambayo homa haipo."

Si Ghazi akasema apime atakavyo, mradi asiusimamishe mkanda. Dalenda akamwambia kwamba mkanda utajisimamisha wenyewe, na kwamba anataka siku hiyo kwenye kiti cha mwendeshaji akae yeye Si Ghazi, ili kesho asije mtu akasema kuna mkono uliogusa. Si Ghazi alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaangalia kalenda, akasema kesho saa nne.

Kesho yake Dalenda alitangulia kupanda kwenye kibanda cha mkanda. Belgasim alikuwa peke yake, amekunjua kitambaa magotini: mkate, zeituni, yai la kuchemsha. Alimwona, akaendelea kumenya yai. Dalenda alimweleza kwa ufupi anachotaka: aujaze mkanda kama anavyoujaza siku zote, kisha ampishe mwingine kwenye kiti.

"Mnataka niujaze," Belgasim alisema, "halafu ukizima mseme, mmeona?"

"Atakaa Si Ghazi."

"Nani? Huyo hata kiti cha ofisini kwake kinamzungusha."

"Kwa hiyo unaogopa nini, Ami?"

Ami lilikuwa neno alilokuwa hajawahi kumwita. Belgasim alilisikia, akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza rezista iko wapi hasa, kwa sababu miaka yote amekuwa akiisikia tu. Dalenda akamwonyesha paa kwa kidole. Mzee akasema kama kuna mtu wa kuitwa shahidi, basi na yeye atakuwa shahidi, atapanda. Dalenda alimkumbusha mgongo wake. Akajibu kwamba mgongo ni wake.

Si Ghazi alifika na shati lake, akatandika gazeti juu ya kiti kabla ya kukaa. Belgasim alikuwa ameshawasemesha watu wa machimboni kwa redio, na mawe yalianza kushuka mazito, yamejaa ukingo hadi ukingo. Alimwonyesha bosi wake mpini wa kasi na akamwambia kazi yake ni moja tu, asiushike. Kisha akapanda ngazi nyuma ya Dalenda, kidato kimoja, pumzi, kidato kingine.

Paa lilikuwa la mabati na jua lilikuwa limeshalishika. Dalenda alifungua kifuniko cha pembeni, akabana mita yake kwenye kebo inayoingia kwenye rezista, mita ambayo haihitaji kugusa waya wenyewe, kisha akampa Belgasim aishike na amsomee kiasi cha umeme unaopita, kwa kuwa yeye alitaka mikono ya kuandikia. Mzee alivaa miwani.

"Ishirini na tisa," akasema. "Thelathini. Thelathini na nne."

Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Hewa juu ya kizimba ilianza kutetemeka kwa joto, na harufu ya vumbi linaloungua ikapanda. Kati ya nambari na nambari Dalenda alimuuliza kwa nini wenzake hawaujazi mkanda kama yeye. Belgasim akaeleza kwamba ukiujaza mawe hudondoka pembeni kwenye kona ya pili, na yakidondoka ni mwendeshaji anayekwenda na koleo mwisho wa zamu. Vijana hawataki koleo. Yeye na mgongo wake huenda, kwa sababu alifundishwa kazi na mtu aliyemwambia kuwa mkanda nusu ni aibu nzima. Alisema bila majivuno, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akarudi kwenye mita.

"Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na mbili. Sifuri."

"Ngapi?"

"Sifuri, binti. Imekufa."

Chini yao sauti ya mkanda ilipanda, nyembamba, kama ya kitu kilichoachiwa. Ilidumu pumzi mbili. Kisha breki ziliuma kwa kishindo kilicholitikisa paa, mawe yakagongana mteremko mzima, na alamu ikalia.

Mlango wa kibanda ulifunguka. Si Ghazi alitoka nje mikono ikiwa juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Sijagusa kitu!"

Belgasim alisogea ukingoni mwa paa, akamtazama kutoka juu.

"Hata mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo, Si Ghazi."

Dalenda hakucheka, ingawa baadaye, akikumbuka, alicheka sana. Alikuwa akiwahi joto. Alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli lake, akahesabu dakika ambazo inveta inahitaji ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akapima rezista ingali ya moto. Mita haikuonyesha kitu. Njia ya umeme ilikuwa imekatika. Alimwita Si Ghazi apande aone kwa macho yake, naye akapanda, akaona. Wakasubiri wote watatu juu ya mabati yale. Rezista ilipoa polepole. Baada ya nusu saa mita ilitikisika yenyewe, ikaruka, ikatulia kwenye kumi na mbili.

Alipofungua kizimba chote alikuta ufa. Ulikuwa kwenye mkunjo wa waya wa tatu, umejificha nyuma ya kigae cha kuushikilia, mwembamba kama unywele. Waya ukipata moto ulitanuka na ufa ukaachana; ukipoa, ukakutana tena na kukaa kama kitu kizima. Si Ghazi aliutazama, akajipangusa vumbi la shati akalizidisha, akasema anasubiri ripoti kabla ya Alhamisi. Akateremka.

Belgasim hakuteremka. Aliketi kwenye ukingo wa msingi wa rezista, mkono mmoja nyuma ya kiuno.

"Utaandika nini?" aliuliza.

Dalenda alimwambia ataandika alichokiona. Kwamba rezista ina ufa unaofunguka kwa joto. Kwamba mara zote kumi na nne saba ilitokana na ufa huo. Na kwamba mwezi wa tatu aliipima ikiwa baridi, kwa haraka, akaandika nzima.

"Hilo la mwisho la nini?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sikiliza, binti yangu. Mimi nimekaa kwenye mabaraza hayo kuliko wewe. Wanapenda kuwa na mtu. Ukiwanyima mmoja watatafuta mwingine. Sema imevunjika leo. Au wiki iliyopita. Nani atakubishia? Chuma huvunjika."

Dalenda alikuwa akifunga vifaa vyake kimoja kimoja. Hata yeye alikuwa amelifikiria hilo tangu usiku. Alikuwa amelipima kila upande.

"Ikiwa imevunjika wiki iliyopita," alisema, "basi zile za mwezi wa pili zimetoka wapi? Zitabaki kuwa zako, Ami. Ili zisiwe zako, lazima ufa uwe ulikuwepo. Na ufa ukiwa ulikuwepo, mimi niliupita."

Ukweli ulikuwa ukimwingia Belgasim taratibu, na mwingine nyuma yake: kwamba mwezi wa tatu, dakika zile kumi zilikuwa kumi kwa sababu ya maneno aliyoyasema kwenye redio. Hakuyataja, wala Dalenda hakumsaidia kuyataja. Hatimaye aliinuka, akasema koleo linamsubiri kwenye kona ya pili, akaanza kushuka. Katikati ya ngazi alisimama.

"Zile sahihi kumi na saba," alisema, akitazama chini, "nne niliziandika mwenyewe. Watu hawakutaka."

Akaendelea kushuka.

Alhamisi baraza lilikaa na halikuchukua saa nzima. Mashtaka ya Belgasim yalifutwa. Dalenda aliitwa ndani, akaulizwa kama anayakubali yaliyoandikwa kwenye ripoti yake mwenyewe, akasema ndiyo. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa upole kama siku ile ya theluji kulikuwa na sababu yoyote iliyomfanya aharakishe. Angeweza kueleza habari ya redio. Belgasim alikuwa amekaa mkabala naye, mikono juu ya meza, akingoja. Dalenda alisema kulikuwa na baridi.

Alipewa onyo la maandishi. Onyo hukaa kwenye faili miaka miwili, na mwenye onyo hapandi cheo. Nafasi ya ukuu wa mafundi umeme, ambayo kila mtu alijua ni yake mwezi wa tisa ukifika, ilikwenda kwa fundi mwingine aliyeletwa kutoka Sfax. Alikuwa mtu mwema na hakujua mikanda. Dalenda alimfundisha. Wiki za kwanza zilimuuma, asiseme mtu kwamba hazikumuuma. Kuna siku alikuwa akimweleza yule bwana jambo la kitoto kuhusu breki, akalazimika kutoka nje kidogo akasimama penye ukuta. Mama yake, alipopewa habari ya onyo, aliuliza kama mshahara umekatwa. Alipoambiwa haukukatwa, alisema basi, akamwambia alete unga.

Rezista mpya ilifungwa mwezi wa sita. Saba haikuonekana tena. Mwanzo wa vuli Belgasim alihamishiwa kwenye mizani, kazi ya kukaa, kama alivyoomba tangu awali. Yeye na Dalenda hawakuwa marafiki. Walisalimiana, yeye akisema binti, Dalenda akisema Ami, na mara mbili tatu walikula meza moja kwa sababu nyingine zilikuwa zimejaa. Siku moja kijana mmoja wa mizani aliropoka neno "soketi" huku akicheka, akitarajia mzee acheke pamoja naye. Belgasim alimuuliza amemaliza kupima lori lile au bado.

Na Dalenda aliandika utaratibu mpya wa ukaguzi, ukurasa mmoja, ukabandikwa kwenye kila kibanda chenye inveta. Unasema rezista ipimwe mara mbili: mara moja ikiwa baridi, na mara nyingine mara tu baada ya mkanda kwenda saa nzima ukiwa umejaa, na matokeo yote mawili yaandikwe pamoja na jina la aliyepima. Mafundi wanalalamika kwamba kazi ya dakika kumi imekuwa ya asubuhi nzima, na kwamba kiangazi paa lile linaunguza nyayo. Ni kweli, linaunguza.